Mbio za Ndani ya Minyaa

Endasak, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Zita,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, mahindi yamefika magotini na wifi yako Erica anakusalimu sana.

Mfuko huu atakuletea Yoakimu wa bodaboda, akishaupokea kwenye basi la Haydom. Ndani kuna viatu jozi mbili na kidubwasha kimoja. Usicheke kwanza. Viatu nimevipata mnadani Katesh, vyote mtumba. Nilikwenda na ule mchoro wa mguu wako uliouchora kwenye gazeti, nikawa naupachika juu ya kila soli mpaka muuzaji akaniuliza kama mimi ni fundi au mpelelezi. Jozi moja ni vile vinene, soli kama godoro, ndivyo wanavyovaa siku hizi. Jozi nyingine ni vyembamba: kisigino hakijainuliwa, mbele ni vipana vidole vikae vinavyotaka, na ukikikunja mkononi kinakunjika chote. Wewe umekulia peku, na goti lilianza kukuuma ulipovaa raba za shule. Mimi nina mawazo yangu, lakini mguu ni wako. Jaribu vyote, uchague, jozi utakayoikataa uirudishe.

Kidubwasha ni mkanda wa kupima mapigo ya moyo. Unaufunga kifuani chini ya nguo, ngozini kabisa, ukiulowesha kwanza kwa maji, halafu saa ya mkononi iliyokuja nao inakuonyesha moyo unapiga mara ngapi kwa dakika. Hauhitaji simu wala chaji, betri yake ni ile ndogo kama kidonge. Mazoezi yako ya kila siku, yote ufanye bila kuzidi mapigo mia na arobaini na tano. Ikizidi, saa italia. Ikilia, punguza. Usibishane nayo kama unavyobishana na mimi.

Sasa sikiliza vizuri. Kocha Ernestina anapokea wasichana wapya kwenye kambi yake hapa chini ya mlima, Jumamosi tarehe 7 Juni. Hataki wanaotimka kama wamefukuzwa na nyuki. Anawafunga mikanda kama huu, wanakimbia saa nzima, na ambaye moyo wake unavuka kiwango anatolewa. Anachukua wasiofika miaka ishirini na mbili, na wewe unaifikisha Septemba. Maana yake ni mwaka huu au basi. Nimeshampa jina lako.

Ni mimi kaka yako,
Mwl. Evarist Sulle


Masieda, 23 Februari 2025

Kaka Evarist,

Shikamoo. Mzigo umefika salama, na kabla sijaugusa mama alikuwa ameshavishika vile vyembamba na kuuliza fundi alikwenda wapi kabla hajamaliza kuweka soli.

Nimejaribu vyote kwenye njia ya kisimani. Vinene vilikuwa vizuri kukaa navyo, lakini kukimbia navyo nilijiona nimepanda juu ya kitanda cha mtu, na goti likaanza tena maneno yake. Vyembamba nilihisi kila kijiwe. Nilijidai, nikaenda navyo mpaka kanisani na kurudi siku ya kwanza tu, kesho yake misuli ya nyuma ya miguu ilikataa kabisa, ikabidi niteremke zizini kinyumenyume. Tadei kaka yangu alicheka mpaka akamwaga maziwa. Hata hivyo nimechagua hivyohivyo vyembamba, na sasa natembea navyo kwanza, nakimbia kidogo, naongeza taratibu. Vinene nakurudishia.

Hicho kidubwasha chako kimeniaibisha. Mlima wa kwenda shuleni, nikifika nusu tu, saa inalia kama kifaranga, inabidi nitembee. Watu wananiuliza ni mwanariadha gani anayepanda mlima akitembea kama mjamzito. Na wazee je? Siwezi kumpita mzee mbio. Nasimama, natoa shikamoo, naulizwa ng'ombe, naulizwa mvua, naulizwa mama, na wakati huo moyo umeshashuka kama wa mtu aliyelala. Hiyo inahesabika kuwa ni mazoezi?

Wifi Agatha, mke wa Tadei, mimba yake ni miezi saba sasa. Jana aliniomba mkanda tuufunge tumboni mwake tumsikilize mtoto. Nikamwambia huu ni wa wakimbiaji, akasema na huyu humu ndani hatulii. Tukaufunga. Namba iliyotoka ilikuwa ya Agatha mwenyewe, lakini hakukubali, alimwambia Tadei nimezungumza na mwanao. Tulicheka sana.

Mdogo wako,
Zita Bura


Endasak, 6 Machi 2025

Mdogo wangu,

Salamu za wazee zinahesabika. Ukimpita mzee bila shikamoo ili moyo usishuke, hata ukishinda dunia nzima usije kwangu. Simama, salimia, ukiondoka uanze polepole. Na kutembea mlimani si aibu, aibu ni kufika Juni ukiwa umeshachoka. Wacha wacheke.

Miguu umeifanyia vizuri. Usiongeze umbali mpaka misuli inyamaze yenyewe.

Nina habari nyingine, na wewe ndiye wa kwanza kwa upande wetu. Erica ana mimba ya miezi mitatu. Unajua tulivyopoteza mbili, na ya pili alikuwa ameshaanza kushona vinguo. Safari hii hatusemi kitu kwa watu. Yeye yuko kazini kama kawaida, zahanati ya Gendabi, anapima mimba za wenzake na kurudi nyumbani kunikataza nisimbebee hata ndoo. Nina furaha, Zita, na nina hofu mpaka naamka kumsikiliza anavyopumua. Basi, hayo yawe yetu.

Kaka yako,
Evarist


Masieda, 24 Machi 2025

Kaka Evarist,

Shikamoo. Mtoto wa Agatha amezaliwa amekufa. Alikuwa wa kike. Ni wiki iliyopita.

Baba amesema tuko kwenye metimani. Ni yale yale aliyokuwa akitusimulia bibi tukiwa wadogo, tukidhani yaliisha. Boma zima tumetengwa mpaka wazee watakaposema basi. Hatuingii kwa mtu na mtu haingii kwetu. Ng'ombe wetu wanachungwa peke yao, maji tunachota chini kabisa ya bonde baada ya wengine wote, na njia ya watu hatupiti, tusije tukawapelekea msiba wenye mimba na wenye watoto. Padre alituma ujumbe kwamba tuje misa. Baba alishukuru, lakini hakwenda. Alisema kanisa ni la Mungu na njia ya kwenda kanisani ni ya majirani.

Simu imezima. Kule dukani tulikokuwa tunachajia mwenye duka ana mke mjamzito, siwezi kupeleka. Barua hii naiweka chini ya jiwe kwenye njia panda, Yoakimu ataichukua. Yeye ni Mnyaturu wa Singida, anasema mambo yetu hayamhusu.

Kaka, nakuuliza na unijibu kweli. Ule mkanda niliomfunga Agatha, unaweza kudhuru mtoto? Mama hajasema kitu, lakini ameuondoa kwenye msumari alipokuwa anauona na kuuweka kwenye debe. Agatha haniangalii. Au labda haangalii mtu yeyote, sijui.

Mazoezi hakuna. Natembea kutoka jikoni mpaka zizini.

Zita


Endasak, 1 Aprili 2025

Mdogo wangu Zita,

Poleni sana, sana. Mpe pole Tadei, mpe pole Agatha, na usichoke kukaa naye hata asipokuangalia.

Mkanda haudhuru. Unasikiliza tu, hautoi kitu. Nimemuuliza Erica, bila kumweleza mengine, amesema hata yeye anaweza kuuvaa siku nzima. Litoe hilo kichwani leo hii.

Hayo mengine nimeyasoma mara mbili kwa hasira. Mwaka elfu mbili ishirini na tano! Baba yako namheshimu, ni baba yangu mdogo na alinilea, lakini msichana wa miaka ishirini na moja kufungiwa ndani ya ua wa minyaa kwa sababu ya msiba ambao si kosa la mtu, hilo siwezi kulinyamazia. Ningekuwa huko ningekushika mkono na kukupitisha katikati ya Masieda mchana kweupe. Mimba zinaharibika kwa shinikizo la damu na kwa malaria, haziharibiki kwa kupishana na binti wa watu njiani. Nafundisha baiolojia, nijue nini kama sijui hilo.

Haya, fanya hivi. Kimbia humo humo ndani, kuzunguka boma kando ya minyaa. Uwe unabadili upande, ukienda leo kulia kesho kushoto, la sivyo mguu mmoja utaumia. Viatu vyembamba vitakufaa zaidi hapo kuliko njiani. Na Juni usiwe na wasiwasi: njoo kwetu siku mbili kabla, ulale, uamkie uwanjani. Nyumba yangu haina metimani. Kitanda chako kipo.

Evarist


Masieda, 27 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Nazunguka. Naanzia jikoni, napita nyuma ya zizi, nafuata minyaa mpaka lango, nageuka. Mbuzi wameshanizoea, hata hawanyanyui vichwa. Mvua ikinyesha njia yangu inakuwa mfereji, na Tadei ameipigia jembe bila kuniambia kitu ili maji yatoke. Hiyo ndiyo pole aliyonipa, na mimi sikumwambia asante, nilikimbia tu hapo.

Moyo umetulia, kaka. Nazunguka muda mrefu bila saa kulia, mwendo uleule uliokuwa unailiza saa mlimani. Uliwahi kuniambia uvumilivu unafundishwa na mwili, ni kweli, mwili wangu sasa unajua. Ila kichwa hakijui. Kuna siku nazunguka nasikia kengele ya shule, nasikia watu wanapita nje wakiongea habari za mnada, wakifika usawa wetu wananyamaza. Halafu wakishapita wanaongea tena. Mimi niko hapo hapo ndani, hatua chache tu, nasikia viatu vyao.

Alhamisi nilitoka. Niliamka alfajiri nikafunga mkanda, nikasema kaka yangu mwalimu amesema msiba si kosa la mtu, nikashika barabara. Nilikimbia vizuri sana, nilikuwa nimesahau barabara iliyonyooka ilivyo tamu. Kwenye kona ya darajani nikakutana na yule bibi aliyekuwa akitugawia karanga tukitoka kipaimara. Aliponiona aliacha njia, akaingia kwenye mahindi ya mtu, akanipa mgongo. Bibi wa umri ule, kwenye umande, anasimama ndani ya mahindi akinisubiri mimi nipite. Shikamoo yangu ilibaki mdomoni. Nilisimama. Nilikuwa nimesimama kabisa, kaka, na saa ikaanza kulia, nikaifunika kwa kiganja ili asiisikie.

Mjukuu wake ni mjamzito. Sikulijua hilo, nimeambiwa na mama.

Nilirudi. Lakini Juni nakuja. Huku nikibaki nitakuwa mtu wa kuzunguka boma maisha yangu yote, maana hata metimani ikiisha, hapa Masieda msichana wa umri wangu anasubiri nini kingine? Kambi ndiyo mlango pekee ninaouona. Nitashuka Endasak tarehe tano. Nauliza kitu kimoja tu: wifi Erica ameshaambiwa kwamba tuko kwenye metimani?

Zita


Endasak, 8 Mei 2025

Mdogo wangu Zita,

Salaam. Nimechelewa kujibu, shule ilikuwa na mitihani.

Nimezungumza na Erica. Sijui nikuandikieje. Ni muuguzi, anajua sayansi kuliko mimi, lakini hali yake unaijua, na mtu aliyepoteza mara mbili huwezi kushindana naye. Amesema hapana. Amesema usilale hapa, na ikiwezekana usifike Endasak kabisa kabla hajajifungua. Nimejaribu kumweleza, amelia, nami siwezi kumliza mjamzito.

Nilifikiria ulale Katesh, lakini kambi na uwanja viko karibu na hapa, na Kocha ni rafiki wa Erica, huingia humu ndani kila Jumapili. Ingekuwa yaleyale tu. Nitamwomba akufikirie mwakani, labda umri atauangalia.

Usimwandikie Erica juu ya hili. Utamwongezea mawazo.

Endelea na mazoezi, usivue viatu.

Kaka yako,
Evarist


Masieda, 18 Mei 2025

Wifi Erica,

Shikamoo. Kaka alinikataza nisikuandikie, nimekaa siku nyingi nimeshindwa. Ninakuandikia mara moja tu.

Sikulaumu. Nataka ulijue hilo, usikae ukifikiri kuna mtu Masieda amekununia. Umesema nisije, na mimi ningekuwa wewe, nikiwa nimewapoteza wawili, ningesema hivyo hivyo na pengine kwa ukali zaidi. Umenikataa kwa ajili ya mtoto, si kwa sababu ya chuki. Kaka ameeleza vizuri kwamba ulilia. Nilihuzunika zaidi kwa hicho kilio kuliko kwa kambi.

Siyo kweli. Kambi nayo nimeililia. Lakini usiwe na mawazo, jitunze, ule vizuri, na Mungu akufikishe salama.

Wifi yako,
Zita


Gendabi, 29 Mei 2025

Wifi Zita,

Marahaba. Naandika nikiwa zahanati, kina mama wananisubiri kwenye benchi, kwa hiyo maneno yatakuwa mafupi.

Mimi sijakataa kitu. Sijaambiwa kitu. Nilijua tu kwamba Agatha alifiwa na mtoto, nikatuma pole kupitia kwa Evarist, na niliulizwa siku moja kama mkanda wa mazoezi una madhara. Habari ya metimani nimeisoma kwenye barua yako. Habari ya mimi kulia nimeisoma kwenye barua yako pia.

Jana jioni niliiweka hiyo barua mezani mbele ya mwalimu. Aliisoma, akaacha kula. Nilimuuliza ni nani aliyekataa katika nyumba hii. Alisukuma sahani kando, akasema: "Ni mimi. Nilitaka kusema ni mimi nikaona aibu, baada ya yote niliyomwandikia." Basi. Huyo ndiye mwalimu wa baiolojia. Amekuwa akisimama mlangoni kila nikitoka kwenda kazini, kumbe ananihesabia watu nitakaokutana nao njiani.

Nilikasirika, halafu hasira ikaisha, kwa sababu niliona jinsi anavyoogopa. Nikikuambia mimi siogopi kabisa nitakuwa mwongo kama yeye. Naogopa kila asubuhi. Lakini naogopa damu, naogopa shinikizo, naogopa vitu ninavyoweza kuvipima. Wewe sikuogopi. Nimechoka kuona wanawake wakifungiwa kwa sababu mtoto amekufa, kama vile kufiwa hakutoshi.

Njoo. Kitanda nimeshakitandika, nimezungumza na kondakta wa basi la Haydom akuwekee nafasi Ijumaa tarehe sita. Kocha Ernestina nimemweleza yote, amesema anachotaka kuona ni moyo wako unavyopiga, mengine hayamhusu. Ukifika nitakukumbatia mlangoni, Evarist akiwa anatazama, ili amalizane na hofu yake.

Nakusubiri.
Erica

(Zita, nisamehe. Erica amenipa kalamu niandike hapa chini. Njoo, mdogo wangu. Ni kweli nilisema uongo. Njoo. — Evarist)


Masieda, 7 Juni 2025

Wifi Erica,

Shikamoo. Barua hii ikikufikia utakuwa umeshajua kwamba sikuja. Nisamehe kwa kitanda ulichokitandika.

Barua yako niliisomea boma zima, nilitaka wote wasikie. Mama alilia kwa furaha. Agatha alinishika mkono, ni mara ya kwanza tangu Machi, akaniambia nikimbie na kwa ajili yake. Nilifikiri baba atakataa, nilikuwa nimeshajiandaa kugombana naye, maneno nilikuwa nayo tayari. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti chake karibu na changu. Akasema: "Nenda, mwanangu. Haya ni ya sisi wazee, na sisi tunaisha."

Basi jana Yoakimu alinifuata langoni kabisa, akanipeleka mpaka kituo cha basi. Viatu nilivaa, mkanda nilikuwa nao kwenye mfuko. Basi lilikuja kwa wakati. Kondakta aliniita kwa jina, akafungua mlango, akasema nafasi yangu iko mbele. Kwenye hiyo nafasi ya mbele kulikuwa na mama mmoja na mtoto mchanga, simjui, labda ni wa Basotu. Aliponiona nimesimama mlangoni alitoa mfuko wake kwenye kiti, akampakata mtoto upande mwingine, akanipigia kiti kwa kiganja nikae.

Nilisimama hapo mlangoni, wifi. Nilijiambia yote uliyoandika. Nilijiambia damu na shinikizo, nilijiambia ni mkanda tu, ni kiti tu, ni mtoto wa watu amelala. Yote nayaamini, sikudanganyi. Kisha nikawaza nyumba yako, wewe unanikumbatia, halafu mwezi ujao, au baada ya miwili, litokee jambo. Hata liwe la kawaida, la kupimika. Wewe usingesema kitu, kaka asingesema kitu. Mimi ndiye ningejiangalia mikono kila siku. Nilimwona yule bibi darajani nikasema ni ujinga wa wazee. Jana niliushika mlango wa basi, nikajikuta nimegeuka, nimempa yule mama mgongo.

Kondakta aliuliza mara mbili kama napanda. Nilimwambia aende.

Yoakimu alitaka kulifukuza basi kwa pikipiki, tulishike mbele, akanisihi sana, akasema hata akinipeleka mpaka Endasak mwenyewe hatadai kitu. Nilimshukuru. Nilirudi kwa miguu.

Leo Jumamosi asubuhi, wakati wasichana wenzangu wako uwanjani kwa Kocha, nilizunguka boma saa nzima. Saa haikulia hata mara moja. Kama ungekuwa mtihani ningekuwa nimefaulu.

Mwambie kaka nimeshamsamehe, na mwambie asione aibu, tuko wawili. Nakuombea ujifungue salama, na ukijifungua salama nitafurahi kuliko mtu yeyote, halafu sijui nitafanya nini na hiyo furaha, maana ndiyo itakayoniambia kwamba ningeweza kuja.

Baba aliniruhusu, mama aliniombea, wewe ulinitandikia, basi lilisimama. Hakuna aliyenizuia, wifi. Ningempata hata mmoja wa kumlaumu, jana ningelala usingizi.

Wifi yako,
Zita Bura